Tulivyowatafuta Watu wa Jineri

Vijana wangu mnaoanza kazi ya udadisi, juzi niliwaona hapa Bariadi mkishuka garini na vishikwambi vyenu, fulana za rangi moja, nikafurahi. Mmoja wenu aliingia uani kwangu, akasalimia vizuri, akaniuliza maswali yake yote macho yakiwa kwenye kioo, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Nilibaki nacheka peke yangu. Hakujua kwamba bibi aliyemjibu alikuwa akiuliza maswali ya namna hiyo tangu wazazi wake hawajaoana. Sikumwambia. Angeanza kuogopa kukosea, na mdadisi mwenye woga huandika majibu mafupi.

Ambayo ningemwambia ndiyo haya, na ninyi wengine msome.

Mimi ni Kabula, mzaliwa wa Migato, binti wa wakulima wa pamba na mahindi. Nilimaliza shule, nikafundisha kidogo darasa la watu wazima, kisha nikaingia kwenye tafiti za uchumi na sikutoka tena mpaka magoti yalipokataa baiskeli. Wachumi walitoka vyuoni na maswali yao: viwanda vinaajiri nani, vibarua wanaishije, utaratibu mpya umemsaidia nani na kumuumiza nani. Sisi ndio tuliokwenda kuyatafuta majibu, nyumba kwa nyumba, mashine kwa mashine. Nilipoanza, Simiyu haikuwa mkoa bado. Bariadi, Maswa na Meatu zote zilikuwa chini ya Shinyanga. Na soko la pamba lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Miaka yote mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika. Sasa msimu ukifika unaona mizani ya huyu hapa, ya yule pale, malori yanapishana kwenye vumbi. Wengine walishangilia, wengine waliumia, na wakubwa walitaka kujua nani yuko upande gani.

Dodoso langu la kwanza lilitoka mbali, limetafsiriwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kushika jembe. Lilikuwa na swali: mwajiri wako mkuu ni nani? Nilimuuliza mzee mmoja kwetu Migato. Akafikiri, akaangalia juu, akasema, "Mvua." Swali lililofuata lilitaka kujua kama mwajiri huyo analipa kwa wakati. Mzee akasema mwaka huu hapana.

Niliandika vilevile, nikampelekea msimamizi wangu nikiwa na hofu kwamba atanirudisha kijijini. Msimamizi huyo alikuwa Bwana Sudi, mtoto wa mjini hapa Bariadi, ambaye baba yake alihamia kutoka Tabora akafungua duka la nguo. Bwana Sudi alikuwa amefanya kazi ya takwimu za kilimo mpaka akazeeka nayo. Alisoma, akavua miwani, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanzu. Halafu akatulia akaniambia kwamba jibu lile ni sahihi, kilichokosewa ni swali, na kwamba nisije hata siku moja nikalikata jibu la mtu ili litoshe kwenye kiboksi. Neno hilo nililibeba miaka yote.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuuliza kuhusu kazi. Mwanamke wa huku ukimuuliza, mama unafanya kazi gani, atakwambia sifanyi kazi, nipo tu nyumbani. Anakwambia hivyo mikono imejaa karanga anazomenya za kupeleka gulioni, na jana yake ameshinda kituo cha ununuzi akichambua pamba chafu kwa ujira. Ukiandika alivyosema, wilaya nzima itaonekana wanawake wamelala. Bwana Sudi alinifundisha kumwita mayu, yaani mama, na kuuliza, "Mayu, jana tangu ulipoamka ulifanya nini?" Hapo ndipo kalamu inaanza kuchoka.

Mambo mengine nilijifunza kwa kuumbuka. Zamani zile kulikuwa na kodi ya maendeleo, na mwanaume asiyekuwa na risiti alikuwa akikimbizwa. Sisi bila kufikiri tukaingia kwenye senta moja kwa gari, mafaili kwapani, kofia kichwani. Tuliposhuka hapakuwa na mwanaume hata mmoja. Chai ilikuwa bado inafuka moshi vikombeni, bao limeachwa katikati ya mchezo, na mahindi nyuma ya maduka yanatikisika bila upepo. Tangu siku hiyo gari tuliliacha mbali, tukaingia kwa miguu, na mafaili tukayatia kwenye vikapu vya ukindu kama watu wanaokwenda sokoni. Na wenye viwanda nao usiwaanze kwa swali la faida. Kulikuwa na mwenye mashine ya kukamua mafuta ya pamba, pale mjini, aliyetufukuza mara ya kwanza. Mara ya pili Bwana Sudi alimuuliza tu kuhusu umeme. Yule bwana alilalamika kuanzia adhuhuri mpaka swala ya alasiri, na ndani ya malalamiko yake kilikuwemo kila kitu tulichokuwa tunakitaka: vibarua wake, mbegu anazonunua, siku mashine inazolala. Mtu anayelalamika anafungua mlango mwenyewe. Wewe ingia taratibu.

Lakini hayo ni ya pembeni. Ninayotaka mkae nayo ni habari ya fundi mmoja aliyeitwa Luhende na mkewe, Mama Limi.

Wilaya ya Maswa ilikuwa na kiwanda kimoja cha ushirika cha kuchambua pamba, sisi huku tunasema jineri. Wanunuzi binafsi walipokuja na viwanda vyao, kile cha ushirika kilikosa pamba ya kutosha, kikadorora, kikafungwa. Wafanyakazi wakapunguzwa. Eneo lake likabaki na ukuta, mapaa ya mabati na mbuzi. Sasa halmashauri ikawa na jambo la kuamua. Kulikuwa na mfanyabiashara anayelitaka eneo lote awe anaweka ghala. Wengine kwenye baraza walisema sehemu yake itengwe kwa ajili ya mafundi, kwa sababu waliopunguzwa walikuwa na ufundi na sasa wanajificha nyuma ya nyumba zao wakichomelea na kukereza, wakiogopa kukamatwa kwa kukosa leseni. Waliopinga wakajibu kwamba mafundi hao hawapo tena, wamekwisha rudi mashambani, ufundi wameusahau, hakuna wa kutengewa eneo.

Hakuna aliyekuwa na uhakika. Ndipo wachumi wa chuo waliokuwa wakichunguza ajira kwenye eneo la pamba wakasema, basi tuwatafute. Mmoja mmoja, tumjue kila aliyepunguzwa yuko wapi na anafanya nini. Tukapewa majina na mahali pa mwisho walipojulikana kuishi. Kabla ya kuanza tulikula kiapo. Analokuambia mtu kwenye mahojiano halitoki: huiambii serikali, humwambii jirani, humwambii hata ndugu yake. Niliinua mkono bila wasiwasi. Niliona ni kiapo chepesi.

Jina la Luhende lilinipeleka Nyalikungu, pale Maswa mjini, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma nyuma ya safu ya maduka. Nilimkuta mwanamke wa makamo akikata viazi vitamu kwa ajili ya michembe, vipande vingine binti yake anavianika juu ya mwamba mpana. Alikuwa Mama Limi. Nilimsalimia kwa Kisukuma, akanivutia kigoda, nikaketi, nikashika kisu cha pili tukakata pamoja. Viazi vilipokwisha ndipo nikatoa dodoso.

Alinieleza yote bila kupandisha sauti. Mumewe alikuwa fundi wa injini pale jineri, tangu ujana wake. Kiwanda kilipofungwa alikaa nyumbani msimu mmoja akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kisha akawachukua maksai wao, wale wawili waliokuwa wakilimia, akawapeleka mnadani, na kwa mtaji alioupata akaingia kwenye uwakala wa kununua pamba. Kila mtu alikuwa wakala mwaka ule. Yule mnunuzi aliyemwamini alichukua pamba, akaondoka nayo, hakurudi. Luhende akamwambia mkewe anamfuata. Aliondoka na koti lake na mfuko wa spana. Mvua zilinyesha, zikakatika, zikanyesha tena, na hakuna aliyemwona.

Nilipomaliza maswali yangu alinishika mkono. Alisema anajua kwamba kazi yangu ni kuwatafuta, na kwamba huenda nikampata.

"Ng'wanone, mwanangu," akaniambia, "ukimwona usimwambie chochote. Usimwombe arudi. Mimi niambie neno moja tu, kama yu hai. Nimechoka kutojua nimwombee kama mzima au kama marehemu."

Nilimweleza habari ya kiapo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniachia mkono, akasema amenielewa. Macho yake hayakuwa yamenielewa.

Nilimtafuta Luhende kwa njia ya kawaida nikashindwa. Niliuliza jina lake kule Lalago, nikauliza barabarani, kila mtu ananiambia hamjui. Bwana Sudi akanishauri jambo ambalo nawapa bure: mtu akitaka kupotea hubadilisha jina, lakini mikono yake hawezi kuibadilisha. Usiulize jina, uliza kazi. Basi nikazunguka mashine kwa mashine, mwisho nikapanda lori la chumvi mpaka Mwanhuzi, kule Meatu kwenye ng'ombe na ukame, na nikaingia kwenye mashine ya kusaga nikiwa na debe la mahindi kama mteja. Nikauliza, hii mashine ikizima mnamwita nani? Wakaniambia, tunamwita Fundi Bariadi, yule pale.

Alikuwa mwanaume mrefu, ameinama juu ya injini, mikono myeusi kwa oili. Nilingoja amalize. Nilimwambia mimi ni nani, nimetumwa na nani, kwamba namtafuta Luhende wa jineri ya Maswa, na kwamba ana haki ya kukataa.  Alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akafuta kwenye pumba, akasema niulize.

Alijibu vizuri kuliko wengi. Pale Mwanhuzi alitengeneza mashine za kusaga, pampu za maji, baiskeli, hata kitanda cha zahanati. Kazi ilikuwa haimwishi. Alilala kwenye chumba nyuma ya mashine. Nilipofika kwenye swali la watu wanaomtegemea, akasema hakuna, anaishi peke yake. Nilijua mtu anayekata viazi Nyalikungu. Nilimjua na binti yake. Nikaandika: hakuna. Wachumi wanasema majibu yanatakiwa yawe kama alivyosema mhojiwa, na siku ile kalamu ilikuwa nzito kama mchi.

Tulipomaliza alinisindikiza mpaka kwenye kivuli cha ukuta. Akauliza, akiangalia pembeni, kama nilipita kwake.

"Ni wazima?" akasema.

Vijana, Mama Limi naye alikuwa mhojiwa wangu. Yale aliyoniambia yalikuwa ndani ya kiapo kilekile. Nilikuwa nimesimama katikati ya mume na mke, kila mmoja ananiuliza swali moja la mwenzake, na mdomo wangu nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

"Baba," nikamwambia, "nikikuambia la kwake leo, kesho nitamwambia la kwako."

 Akasema basi nisimwambie lake. Akanieleza kwamba aliondoka na maksai wa nyumba, na mwanaume wa kwao haingii tena uani mikono mitupu. Alisema akishapata jozi nyingine atarudi. Lakini alisema kama mtu anayejua kwamba kule Meatu, kwa kazi ya kulipwa kidogo kidogo, jozi ya maksai haipatikani.

Lori nililopata kurudi lilikuwa la mbegu za pamba, na lilisimama Nyalikungu kushusha. Nilimwomba dereva aharakishe. Mama Limi alikuwa barabarani anauza viazi vya kuchemsha. Aliniona kabla sijamwona. Alikuja mpaka mbele yangu, hakusalimu, akauliza, "Umemwona?"

Nikasema, "Mayu, siwezi kusema."

Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kwetu habari ya msiba haisemwi kwa kusimama. Mtu anayeileta huketi kwanza, hata chini kwenye vumbi, ndipo afungue kinywa. Mimi nilikuwa nimesimama. Mama Limi aliitazama miguu yangu kwa muda, kisha akafunika uso kwa kanga yake, na mabega yakaanza kutikisika. Alipoutoa uso alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Hakuniuliza kitu kingine. Alinipa viazi kwenye gazeti, akarudi kwenye beseni lake.

Nilifika Bariadi sijala vile viazi. Nilimweleza Bwana Sudi kila kitu, nikasema kama kiapo kimevunjika niko tayari kufukuzwa. Alikaa akizungusha kofia yake mkononi. Kisha akasema kwamba mdomo ndio ulioapa. "Miguu yako haijaapa, Kabula," akasema, na akatabasamu kidogo. Lakini hakuishia kwenye utani. Alisema siri si mali yetu sisi watafiti, ni mali ya mwenye nayo, na mwenye mali anaweza kuulizwa kama anataka kuitumia. Tusichoruhusiwa ni kuitumia sisi.

Kwenye utafiti ule kulikuwa na mkutano wa mrejesho. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya siku zile; watafiti wengi walichukua majibu wakaondoka nayo kama mtu anayekopa jembe. Bwana Sudi alisisitiza kwa wachumi kwamba waliohojiwa wote waalikwe, pale Maswa, wayasikie matokeo kabla ya halmashauri kuamua habari ya eneo la jineri. Wote, maana yake wale waliopunguzwa na pia wale wa nyumba zao walioachwa nyuma. Wachumi walikubali. Mialiko ikaenda kila mahali sawasawa, na wa Mwanhuzi Bwana Sudi aliupeleka mwenyewe, mimi nikiwa naye.

Luhende aliupokea mwaliko, akauliza ni akina nani watakaokuwepo.

"Waliohojiwa wote wamealikwa," Bwana Sudi akamjibu.

Luhende akarudia neno lile: wote. Bwana Sudi akasema ndiyo, na kwamba kuja si lazima, na asipokuja hakuna atakayemtaja. Fundi akaukunja mwaliko, akauweka kwenye mfuko wa shati, akarudi kwenye injini.  Njia nzima kurudi sikujua kama tumefanya vema au tumemfukuza mtu aende mbali zaidi.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Madiwani mbele, wachumi na chati zao za manila ukutani, watu wa jineri kwenye madawati. Mama Limi alikaa na wanawake upande wa madirisha. Nilipitia madawati yote kwa macho, Luhende hakuwepo. Mchumi kijana alisoma matokeo bila kutaja jina la mtu. Alisema wengi wa waliopunguzwa wanalima, ni kweli, lakini wanalima na ufundi wanaufanya vilevile, msimu kwa msimu. Kwamba karibu kila mashine ya kusaga kuanzia Bariadi mpaka Meatu inashikwa na mkono uliofundishwa jineri. Na kwamba kinachowazuia kuajiri vijana ni kukosa mahali halali pa kufanyia kazi. Akaonyesha na mengine ambayo hayakumpendeza mtu: waliokuwa vibarua wa kubeba marobota ndio waliokuwa wameumia zaidi, na kwao uwanja wa mafundi peke yake haungetosha. Hilo nalo alilisema wazi, na nilimheshimu kwa hilo.

Diwani mmoja akasimama akasema matokeo ni mazuri lakini mafundi wenyewe wako wapi, mbona hawaonekani mjini. Katikati ya maneno yake niliona mlango wa nyuma ukifunguka kidogo. Luhende aliingia, koti lake limejaa vumbi la safari, akasimama ukutani nyuma ya watu wote. Mama Limi alikuwa amempa mgongo.

Kisha Mama Limi akanyoosha mkono. Sikutegemea. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na ukumbi ulikuwa umejaa wanaume. Alisimama, akashika kanga yake kwa mikono miwili, akawasalimia madiwani.

"Mume wangu ni fundi," akasema. "Haonekani mjini kwa sababu ana aibu, wala si kwa kukosa ufundi. Alipoteza maksai kwenye biashara. Wengi walipoteza mwaka ule. Mimi na watoto tunalima kwa jembe la mkono, tumeshazoea. Kama mtatenga eneo, tengeni. Akirudi akute mahali pa kuweka spana zake."

Akakaa.  Diwani aliyeuliza naye akakaa.

Nilikuwa namwangalia Luhende. Alikuwa amevua kofia. Alibaki ukutani muda, mpaka nikadhani ataondoka kwa mlango alioingilia. Kisha akaanza kutembea, akipita kati ya madawati, watu wa jineri wakimtambua mmoja baada ya mwingine na kusogeza miguu apite. Alifika kwenye dawati la wanawake, akasimama mbele ya mkewe kwa adabu kama kijana aliyekuja kuposa.

"Mwadila, Mama Limi," akamwamkia kwa Kisukuma.

Mkewe aliinua uso. Alimtazama yule mtu, koti lile, mikono ile myeusi. Mwanamke aliyekuwa karibu naye alisogea, nafasi ikapatikana kwenye dawati.

"Mhola," Mama Limi akaitikia, kwamba ni salama. "Kaa, mkutano haujaisha."

Akakaa. Na mkutano ukaendelea kweli, madiwani wakabishana juu ya leseni na ghala mpaka jioni, na wale wawili wakasikiliza bega kwa bega bila kutazamana.

Halmashauri haikutoa eneo lote. Mfanyabiashara alipata ghala lake upande mmoja, na mafundi wakapewa upande wa karakana ya zamani, waanze bila kuhangaishwa mpaka watakaposimama. Kwa vibarua wa marobota hapakuamuliwa lolote siku ile. Ilibidi tufanye utafiti mwingine, na mwingine, ndipo wakakumbukwa kwenye kazi za barabara. Msije mkadhani kwamba utafiti ni radi, ukipiga mti unaanguka. Ni mvua ya rasharasha. Lakini nimeona mahali palipokauka pakiota.

Baada ya msimu mwingine wachumi walitaka kuwarudia watu walewale waone maisha yamekwendaje. Nikapangiwa tena Nyalikungu. Wakati huo Luhende alikuwa na banda lake kwenye eneo la jineri na vijana anaowafundisha kuchomelea, lakini Mwanhuzi walikuwa hawajamwachia. Mashine zao zilikuwa zimemzoea, akawa anakwenda kule siku kadhaa na kurudi. Dodoso jipya lilikuwa na maelezo marefu ya kaya ni nini. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Sasa mtu anayelala huku na kule tunamwandika wapi? Nilijaribu kufuata kanuni. Nilimuuliza Mama Limi mumewe analala nyumbani siku ngapi kwa wiki, nikaona anahesabu vidole, anapotea, anaanza tena. Nikamwambia basi asijali, labda nitamwandika Luhende kama kaya ya peke yake, Mwanhuzi.

Aliniondolea karatasi mkononi kwa upole, akaiweka juu ya kigoda, akaniinua akanipeleka jikoni. Mafiga matatu, chungu juu yake. Kando, juu ya kichanja, kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na kijiko juu.

"Hajui atafika saa ngapi leo," akasema. "Jana pia hakujua. Andika kaya moja."